Verdiane na Saini za Siku Tatu

Wifi yangu Verdiane anauza maharage, na tangu nimjue ni mwoga. Anaogopa radi, anaogopa mbwa wa padri, anaogopa daraja la miti hata likiwa jipya. Pikipiki ikizimwa mbele ya nyumba yake, anaacha anachofanya na kusikiliza mpaka ajue ni nani ameshuka. Nimemcheka sana kwa hayo, tena mbele za watu. Lakini sisi wa milima ya Masisi tumekimbia vita mara nyingi, na kila mmoja alibaki na kasoro yake. Yeye alibaki na woga, mimi nilibaki na mdomo.

Aliolewa na ndugu yangu Pierre, ambaye kazi yake ni kubeba kwa mguu mizigo ya mawe ya machimbo huko Rubaya. Pierre anarudi mara moja kwa miezi mitatu, anakula, analala, anaondoka tena. Kwa hiyo maisha tumeyaishi sisi wawili, mimi Olga na yeye, nyumba yangu ikitazamana na yake katika kiwanja kinachoitwa Piretre. Wakati wa Wabelgiji hapo ndipo yalipokaushwa maua ya pareto yaliyolimwa milimani. Maua yakaisha, mabanda yakaoza, kiwanja kikabaki mali ya Serikali. Sisi tulikifikia tukiwa tumekimbia vijiji vyetu vya juu, tukatundika plastiki, mwaka uliofuata tukapigilia mbao. Tulikuwa nyumba thelathini na nane, na hakuna hata moja iliyokuwa na karatasi.

Ndipo baraza la komine, yaani la mji wetu mdogo, lilipoamua kwamba Piretre ijengwe. Burugumesta mwenyewe, mkuu wa komine, alikuja kutueleza, amesimama juu ya msingi wa banda la zamani. Ardhi itabaki ya Serikali, alisema, ila atatafutwa mjenzi mmoja, apewe kiwanja kwa miaka kadhaa, ajenge nyumba za watu wa kawaida kupanga au kununua polepole. Mjenzi huyo hatachaguliwa na mtu mmoja. Wenye kutaka kazi wataleta bahasha zilizofungwa, na kamati ya watu sita itazifungua, itazisoma na kuzipa alama. Mmoja wa hao sita lazima awe mkaaji wa Piretre, na ingefaa awe mwanamke.

"Sasa muniambie jina," alisema burugumesta. "Nani atawasemea?"

Wote tulitazama chini. Verdiane peke yake alitazama juu, kwa sababu alisikia kitu kama radi. Na mimi, kwa huu mdomo wangu, nikanyoosha mkono na kusema kwamba wifi yangu, Mama Umwali, alifika darasa la nne la sekondari na anasoma Kifaransa bila kugugumia. Watu wakapiga makofi kabla hajafungua kinywa.

"Uliniuzisha, Olga," aliniambia kesho yake.

"Nilikupatia heshima."

"Kama iko heshima, juu ya nini haukutaja jina yako weye?"

Nikachukua ndoo, nikaenda kuchota maji.

Sote tulijua kilichokuwa hatarini. Mjenzi akiwa mtu wa kutuhesabu, tungebaki. Akiwa mtu wa kufagia, tungerudi kwenye plastiki, na safari hii bila mahali pa kuitundika, maana vijiji vyetu vya juu vilikuwa na wenye bunduki waliobadilishana kila msimu.

Siku ya kwanza ilikuwa Jumatatu. Bahasha hufunguliwa mbele ya watu, kwa hiyo na mimi nilikwenda nikakaa viti vya nyuma. Mezani alikuwa Papa Stéphane, msaidizi wa burugumesta, ndiye mwenyekiti. Kando yake Élysée, mwandishi wa komine, mtu wa shati safi na maneno machache. Kisha Faustin, mganga wa mifugo. Mama Anastasie, muuguzi. Na Papa Mbusa, mfanyabiashara aliyetoka Butembo zamani, anayeuza misumari na mabati, aliyewekwa na wenye maduka wenzake. Mwisho wa meza, karibu na mlango, alikaa wifi yangu, ameshika mkoba wake kwa mikono miwili.

Bahasha zilikuwa tatu. Papa Stéphane aliziinua moja moja ili tuone gundi haijaguswa, akazikata kwa wembe, na kila ukurasa ukazungushwa mezani, wajumbe wakaandika herufi za majina yao pembeni. Ya kwanza, ya wajenzi wa Goma, haikuwa na cheti cha kodi, ikawekwa kando hapo hapo. Ya pili ilikuwa ya kampuni ambayo sitaitaja jina. Ilikuwa na michoro ya rangi, nyumba za ghorofa, bustani, gari jeupe mlangoni na mwanamke mwembamba akitembeza mbwa. Verdiane aliniambia baadaye kwamba aliitafuta Piretre ndani ya mchoro ule asiione. Ukurasa wa tisa ulisema kiwanja kitaachwa wazi ndani ya siku kumi na nne, na waliomo "wataelekezwa kwingine".

Ya tatu ilikuwa ya umoja wa mafundi wa hapa hapa, waashi na maseremala wa milimani. Walichora kwa kalamu ya biki kwenye karatasi za hesabu. Wangejenga msingi wa mawe na kuta za mbao, nyumba chache chache, wakihamishia familia upande mmoja wa kiwanja huku wakijenga upande wa pili. Hakuna ambaye angetoka. Na katika alama mia moja, thelathini zilikuwa za jambo hilo moja: waliopo watafanywaje. Nilijumlisha kichwani huko nyuma nilikokaa, nikaona mafundi wanaweza kushinda.

Kabla ya kuachana, Élysée alipitisha orodha ya mahudhurio, ile wanayoiita lisiti ya prezansi. Ilikuwa na safu tatu: siku ya kufungua bahasha, siku ya kutembelea kiwanja, siku ya kutoa alama.

"Musinye zote tatu leo," alisema, akionyesha jenereta ya dizeli iliyonguruma nje. "Leo grupu iko na mazuti, tutapiga fotokopi. Siku ingine umeme hautakuwa."

Hakuna aliyeuliza swali, kwa sababu kwetu ndivyo inavyofanywa kila mahali, kwenye semina, kwenye mikutano ya wazazi, kwenye mafunzo ya kilimo. Mtu anasaini siku zote mara moja, kisha anakuja au haji. Wote sita walisaini. Nilimwona Verdiane akiandika jina lake mara tatu, Byukusenge Verdiane, kwa mwandiko wa shule, na nikajivuna kwamba wifi yangu anaandika vizuri kuliko mganga wa mifugo.

Jumatano walitembelea kiwanja. Papa Stéphane alitangulia, akiruka mifereji yetu na kushika suruali yake isilowe. Pamoja nao, ingawa hakuwa mjumbe, alikuja mtu wa ile kampuni ya pili, jina lake Gisubizo. Alikuwa mnene kidogo, mpole, amevaa koti la ngozi, na alisalimia kila mtu kwa mikono miwili. Aliuliza nyumba ya Mama Umwali ni ipi. Jirani mmoja, kwa adabu yake ya kijinga, akamwonyesha.

Alhamisi asubuhi Verdiane alifungua mlango akakuta msalaba wa rangi nyekundu ukutani, ule unaopigwa kwenye nyumba za kubomolewa. Kamati ilikuwa haijampa mtu hata alama moja. Kati ya nyumba thelathini na nane, ni yake tu iliyopigwa, na rangi ilikuwa mbichi, imechuruzika mpaka kizingitini.

Tulisugua kwa majivu na mchanga. Alirudia mahali pamoja mpaka nikamnyang'anya kitambaa, na hata baada ya saa nzima mbao zilibaki zimeiva wekundu.

Ijumaa Gisubizo alikuja sokoni. Mimi nauza vitunguu kando ya Verdiane, kwa hiyo nilisikia kila kitu.

"Mama Umwali, jambo. Nimekuletea salamu. Mutoto wako anakusalimia sana."

Umwali ni binti yao wa pekee. Alikuwa anasoma Bweremana, akikaa kwa shangazi yake karibu na ziwa. Verdiane alikuwa akimpimia mtu maharage, kopo likabaki hewani.

"Umemuonea wapi, Papa?"

"Kule ku masomo yake. Nilipita tu. Mutoto wa adabu! Iko anakohoa kidogo, munapashwa kumuangalia. Na ile njia ya kando ya ziwa, anapitaka peke yake asubuhi. Haiko njia muzuri kwa mutoto mwanamuke."

Alichukua punje chache za maharage, akazitazama, akazirudisha kwenye gunia. "Siku ya tatu iko Jumatatu, si njo vile? Mungu akusaidie mu kazi." Kisha akanisalimia na mimi kwa mikono yake miwili. Ilikuwa na joto, na mimi nikaifuta yangu kwenye kitenge.

Rezo ya simu ilikuwa imekatika. Siku mbili Verdiane alipanda na kushuka kilima cha kanisa, simu juu ya kichwa, akitafuta mstari mmoja tu. Alimpata mtoto Jumapili baada ya misa. Ndiyo, alisema Umwali, kuna Papa mmoja mwema alifika shuleni, akampa biskuti, akamuuliza anatoka nyumbani saa ngapi. Na kweli alikuwa na kikohozi. Verdiane alikaa chini kwenye majani mabichi na kitenge chake cha Jumapili. "Usitembee peke yako," alikuwa akisema, "usitembee peke yako, unasikia?" Aliendelea kusema hivyo hata baada ya simu kukatika.

Hapo ndipo nilipomwambia. Nitayaandika kama nilivyoyasema, nisiyapambe.

"Kesho usiende. Sema uko mugonjwa. Bale batano banaweza kutoa alama bila weye. Haukuchagua huyu, haukuchagua ule, hakuna mwenye atakusumbua."

"Na nyumba zetu?"

"Papa Mbusa atatusaidia. Mama Anastasie anatujuaka bote, alizalisha nusu ya Piretre."

"Kumbe na weye unaogopa," alisema.

Ilikuwa kweli. Niliogopa, na nilitaka abaki nyumbani ili na mimi nipate kupumua. Nikamwambia namhurumia mtoto. Hilo nalo lilikuwa kweli, lakini halikuwa la kwanza.

Basi Jumatatu alijifunika blanketi. Nilichemsha majani ya mkaratusi nikaweka sufuria mlangoni, mvuke uonekane na wapita njia. Nilituma neno kwa Élysée kwamba Mama Umwali ana malaria kali. Kutwa nzima hakuna aliyekuja kumwita, wala kumuuliza hali, wala kusema kikao kinamsubiri.

"Juu ya nini hakuna mwenye amekuja?" aliniuliza chini ya blanketi.

"Ni bahati."

"Haiko bahati, Olga. Kuna kintu."

Jumatano, kabla ya saa sita, muhtasari wa kikao ulibandikwa kwenye valvu, ubao wa matangazo wa komine. Kurasa mbili na muhuri. Kampuni ya pili: alama themanini na nne. Mafundi: hamsini na moja. Kamati imeamua kwa kauli moja. Na nyuma yake ilikuwa imeshikizwa orodha ya mahudhurio, majina sita, safu ya tatu imejaa, na mwandiko mzuri kuliko yote ulikuwa wa Byukusenge Verdiane. Siku kumi na nne za kuondoka zingehesabiwa kuanzia wiki ijayo.

Majirani walikuja mlangoni kwake wote pamoja. Waliuliza alipewa nini. Waliuliza kama yeye ameshapata nyumba ya ghorofa na mbwa. Mzee mmoja, mtu ambaye Verdiane humpelekea uji kila asubuhi, alitema mate mbele ya miguu yake. Mama mmoja alikuwa akilia tu, na mtoto mgongoni, akiuliza watakwenda wapi.

"Sikuwa mule," alisema Verdiane. "Nawaapia, sikuwa mule."

"Na hii sinyatiri? Iko ya shetani?"

Mimi niliyejua yote nilisimama kwenye mlango wangu, ng'ambo ya njia. Nilikuwa na maneno ya kuwatawanya wote. Lakini walikuwa wengi na hasira yao ilikuwa ya moto, nikaogopa ingegeuka upande wangu. Nikaingia ndani, nikajifanya natafuta chumvi.

Alipokuja kwangu baadaye hakunilaumu. Alikuwa anafikiria jambo lingine. "Bote batano, Olga," alisema. "Ata Mama Anastasie. Balitukata bote." Uso wake ulikuwa mkavu kabisa.

Kesho yake, mchana, alikuja Papa Mbusa. Papa Mbusa hatembei Piretre. Duka lake liko barabarani na watu ndio humfuata. Alikuja kwa miguu, akatazama nyuma mara mbili, akaomba kiti. Nilikuwa uani hapo natwanga sombe, majani ya muhogo.

"Mama Verdiane, unisamehe," alisema. "Nilikuja kukuuliza kintu kimoja. Siku ya tatu, mulitoa alama namna gani? Weye ni mukaaji wa hapa. Mulifanya nini na zile thelathini?"

Verdiane alidhani anamdhihaki. "Unaniuliza miye, Papa? Si weye njo ulikuwa mule?"

"Miye? Miye nilikuwa mbali, kule Pinga. Walinitumia mesaji juu ya kamyo yangu na shofere. Walijua ata saa yenye atapita mu pori ya Walikale. Nilisema nitoke kwanza, ile mambo iishe. Nilijua munabaki batano."

"Miye nilikuwa mu kitanda," alisema Verdiane polepole. "Sikuwa mugonjwa."

Nikaacha kutwanga. Papa Mbusa alivua kofia akaikunja magotini, akaifungua, akaikunja tena.

Tulikwenda watatu kwa Mama Anastasie. Alikuwa amesema ana mzazi wa kumhudumia kutwa nzima. Hapakuwa na mzazi yeyote, na alianza kulia kabla hatujamaliza kuuliza. Faustin alikuwa amekwenda kuchanja ng'ombe waliochanjwa wiki iliyotangulia. Kila mmoja alikuwa amepata salamu yake, ya mtoto, ya gari, ya mume, ya mifugo. Kwa hiyo siku ya tatu, kwenye ile meza ya watu sita, walikaa Papa Stéphane na Élysée peke yao. Waliandika walichoandika, wakachukua orodha iliyosainiwa tangu Jumatatu ya kwanza, wakapiga pini. Wanne walijificha, kila mmoja akiamini wengine ni mashujaa. Ni kisa cha kunifaa mimi, mcheshi wa soko, lakini sikuweza kucheka.

Muda wa kupinga ulikuwa siku tatu, na ya mwisho ilikuwa Ijumaa. Alhamisi usiku wanne walikutana ndani kwa Verdiane, mlango umefungwa. Faustin alisema waandike kwamba walikuwa wagonjwa. Mama Anastasie alisema waandike kwamba waliitwa kazini. Papa Mbusa alisema kila uongo una mtu wa kuukanusha, na kwamba shofere wake yuko njiani muda huu, na kama wataandika lolote ni yeye atakayemzika. Wakabishana. Verdiane alikuwa kwenye kigoda, amejikunja, mikono katikati ya magoti.

"Miye nitaandika kweli," alisema.

"Kweli gani?"

"Kama niliogopa."

Walimrukia wote. Faustin alisema hakuna ofisi duniani inayopokea sababu ya namna hiyo. Alisubiri wamalize.

"Ile njo sababu moja tu yenye sisi bote banne tuko nayo," alisema.

Aliandika barua hapo hapo, akifuta na kuanza upya. Umwali aliondolewa Bweremana alfajiri ya Ijumaa. Hata leo siandiki alipelekwa wapi.

Saa tatu tulikuwa komine. Watu walipanga mstari wa vyeti vya kuzaliwa. Kwenye benchi, kando ya mlango wa Papa Stéphane, alikaa Gisubizo na koti lake, amekunja miguu. Verdiane alimwona, akasimama kabisa, nikadhani atageuka. Alinishika mkono mpaka kucha zikaingia, halafu akaenda mbele ya meza. Wenzake watatu walibaki nyuma yetu, barua zao mifukoni, wakingoja waone yatakayompata.

Élysée aliisoma barua. Akaisoma tena. Kwenye daftari lake kulikuwa na safu ya sababu za kukosa kikao.

"Mama, ile haiandikwaki hivi," alisema kwa sauti ya chini. "Tuandike maladi."

"Sikuwa mugonjwa."

"Sasa niandike nini?"

"Andika: aliogopa."

Benchi lilikuwa hatua tano tu kutoka hapo, na sikuthubutu kugeuza shingo.

"Nani alikuambia ubaki ku nyumba?" Élysée aliuliza. "Kama kuna muntu, lazima nitie jina."

Nilikuwa nimesimama begani kwa Verdiane. Angeweza kumtaja yule wa benchi, na sijui tungefika nyumbani namna gani. Angeweza pia kusema Olga, na angekuwa hajasema uongo. Nilifungua kinywa niseme mwenyewe, ni mimi, andika mimi. Kisha nikakifunga tena.

"Hakuna muntu," alisema Verdiane. "Ni woga yangu miye mwenyewe."

Élysée aliandika. Niliona jicho lake likienda benchini na kurudi, nikaelewa kwamba siku ile ya tatu hata yeye hakukaa mezani kwa raha. Alipiga muhuri, akampa nakala. Papa Mbusa akasogea na barua yake. Kisha Mama Anastasie. Kisha Faustin, akikohoa. Kwenye ukurasa mmoja wa daftari la komine liliandikwa neno lile lile mara nne.

Burugumesta alifuta uamuzi ule Jumatatu. Sisemi ni mtakatifu. Nadhani aliogopa wakubwa wa jimbo kuliko alivyoogopa kampuni. Aliitisha kikao kipya cha alama, milango imefungwa, yeye mwenyewe akiwa mle ndani. Ilipofika siku, nilimsindikiza Verdiane mpaka mlangoni, kisha nikakaa nje kwenye lile benchi. Ilikuwa heshima ndogo niliyoweza kumpa. Gisubizo alikuja akakaa kando yangu, akanisalimia kwa mikono miwili, akanipa karanga. Nikazipokea kwa kuogopa kuzikataa. Nilizitafuna bila kusikia ladha yoyote, kuanzia saa tatu mpaka saa nane.

"Wifi yako iko na roho nguvu," aliniambia wakati mmoja.

"Hapana, Papa. Iko mwoga sana."

"Aa," alisema. "Basi hatasahau."

Verdiane alitoka wa kwanza. Uso ulikuwa wa majivu. Alikaa chini kwenye ngazi, mkoba kifuani.

"Mafundi," alisema. "Sabini na mbili." Kisha, kabla sijapiga kelele, akanishika kitenge. "Tusipite barabara, Olga. Nakuomba."

Tulishukia mashamba ya maharage, yeye ameniegemea, viatu mkononi.

Mpaka leo nyumba kumi na moja zimekamilika. Mbao zinatoka Walikale, zinafika pale njia inapokubali. Hakuna aliyetolewa Piretre. Nyumba ziligawiwa kwa kura ya bahati, Verdiane akapata nyumba namba nne: msingi wa mawe, vyumba viwili, ukumbi mwembamba, madirisha matatu. Yule mzee aliyetema mate anapelekewa uji kama zamani.

Hakuna lililompata. Nasema hivi kwa sababu kila mtu ananiuliza. Ijumaa moja moja Gisubizo anapita sokoni, ananunua kopo moja la maharage, anauliza Umwali hajambo. Verdiane anajibu hajambo, anampimia, anajaza vizuri. Akiondoka, anakaa chini, na mimi ndiye ninayempimia wateja wake mpaka soko lifungwe.

Madirisha mawili ameyapigilia mbao kwa ndani. Kitanda amekihamishia ukumbini, kwa sababu ukumbi hauna dirisha, na majirani wanamtania kwamba mama aliyetupatia nyumba analala mapitoni kama gunia. Hajawahi kuwaambia ni nani aliyemwambia asiende siku ya tatu. Na mimi bado sijawaambia. Nilipata namba saba. Kitanda changu kiko chini ya dirisha, na nalala vizuri.